Rangi Changa kwenye Gari la Sendofu

Kamati ya sendofu ya binti yangu ilikutana sebuleni kwangu, Gongo la Mboto, Jumapili sita mfululizo, na ile ya mwisho ndiyo iliyoharibika. Mwenyekiti alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, mtu wa kupenda ajenda na kalamu mbili mfukoni. Alipofika kwenye usafiri akatangaza kwamba binti atapelekwa ukumbini kwa gari la rafiki yake, jipya, jeupe, ambalo kiyoyozi chake kinafanya kazi. Wajumbe wakapiga makofi. Nikauliza kama mwenye mtoto ni mimi au ni huyo rafiki.

Mdogo wangu akasema, kwa heshima zote, kwamba gari langu halifai kuonekana kwenye video. Nikang'aka. Nilisema mengi ambayo sasa nikiyakumbuka natamani ningekuwa nimetoka nje kunywa maji. La msingi lilikuwa moja: harusi ni ya wenzetu wa upande wa bwana harusi, lakini sendofu ndiyo siku yetu ya kumtoa mwanetu, na mwanangu hatatoka kwangu ndani ya gari la kuazima.

Gari lenyewe nililinunua limeshatumika, mwaka ambao binti huyo alianza darasa la kwanza. Injini haina neno mpaka leo. Ila rangi yake, damu ya mzee, ilikuwa imebabuka boneti na paa, imebaki mabaka mabaka, na mlango mmoja ulikuwa na mkwaruzo wa bajaji tangu enzi ambazo nimeshazisahau. Wakati nafoka, binti alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na sinia la soda. Alinitazama mara moja, akatazama chini, akarudi jikoni. Nikajua anaona haya. Anaona haya na gari, na pengine na mwenye gari. Jambo hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mdogo wangu, na usingizi ukanipaa.

Mke wangu ndiye aliyetoa hukumu asubuhi yake. Alisema nilipake rangi au ninyamaze.

Kwenye gereji kubwa yenye chumba maalumu cha kupulizia rangi walinitajia bei nikauliza kama ndani ya bei hiyo kuna na gari lingine. Ndipo nikaelekezwa Vingunguti, uwanja wa wazi nyuma ya machinjio, kwa fundi mmoja mtu wa Lindi. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa mdogo wangu wa mwisho, mpole, anaongea kwa sauti ya mtu aliye msibani. Aliniamkia, akalizunguka gari, akapitisha kiganja kwenye boneti. Bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Akauliza nalitaka lini. Nikamwambia Jumamosi asubuhi bila kukosa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alitazama mawingu. Akasema kazi itawezekana mvua ikikaa mbali, ila yeye angependa wiki mbili. Nikamwambia sikuja kumuuliza anapenda nini.

Sasa, kila mwenye gari katika jiji hili anajua kwamba gari haliachwi kwa fundi ukaenda zako nyumbani. Unaliacha na taa zake nzima, unalikuta na taa zenye ufa za gari la mtu mwingine. Kwa hiyo tunashinda gereji. Tunaomba ruhusa kazini, tunakalia viti vilivyong'olewa kwenye mabasi, tunasoma gazeti lilelile mara tatu, jicho moja likiwa kwenye boneti. Mimi nilikwenda hatua moja mbele. Usiku wa kuamkia Jumatano, kabla sijalipeleka, nilichukua chupa ya rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaweka kidoa kidogo nyuma ya kila kitu kinachofunguka: taa nne, vioo vya pembeni, vitasa, hata vifuniko vya magurudumu. Vyote kumi na nne. Nikaviandika kwenye karatasi.

Jumatano, wakati fundi anafungua taa ili apige msasa pembeni yake, nikamwona amesimama ameishika mkononi. Akaigeuza. Akafungua ya pili, akaigeuza nayo. Akanijia pale nilipokaa.

“Mzee wangu, hivi vidoa nivifute, au niviache?”

Hakusema kwa kejeli. Nilitamani kiti cha basi kinimeze. Badala ya kuomba radhi nikamjibu kwamba aviache kama alivyovikuta. Akaitikia kwa kichwa, akavifunga vile vitu vyote kwenye kiroba, akanipa nikae nacho mwenyewe. Tangu hapo tulikuwa tunaongea mambo ya kazi tu, na mimi nilikaa na kiroba miguuni siku mbili kama mama aliyetoka sokoni.

Alhamisi mvua ikanyesha. Si manyunyu, mvua. Puti ya kuzibia mikwaruzo ilikuwa haijakauka sawasawa, na mafundi wote wa uwanja ule wakasukuma magari chini ya mabati mawili matatu yaliyopo. La kwangu likakosa nafasi. Fundi akavua shati lake akaliweka juu ya sehemu yenye puti mbichi, juu yake turubai, akasimama na singlendi mpaka mvua ilipokatika. Nililiona hilo. Nilipaswa kumwambia asante, lakini akili yangu yote ilikuwa inahesabu saa.

Ijumaa asubuhi akawa tayari kupuliza. Alishabandika magazeti kwenye vioo, amechanganya rangi na tina ya kuifanya nyepesi, amewasha kompresa ya kupulizia. Umeme ukakatika. Tukasubiri. Saa nne, saa tano, saa sita. Watu wakaenda msikitini, naye akaenda, akarudi, umeme haujarudi. Mwenyekiti wa kamati alinipigia mara tano kuuliza kama amwambie rafiki yake aoshe lile gari jeupe. Mara ya tano sikupokea. Nilikuwa roho juu, natembea kutoka kwenye gari hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi, kana kwamba nguzo itanionea huruma. Nilimwambia fundi kwamba asiponimalizia leo atanijua mimi ni nani. Akasema, “Sawa, mzee.”

Umeme ulirudi saa tisa alasiri. Akapuliza mkono wa kwanza wa rangi, akasubiri, akapuliza wa pili. Malori yalikuwa yanapita barabarani na kila moja likipita mimi nabana pumzi, nikiomba vumbi lisigeuke upande wetu. Jua lilipokuwa linakaribia kuzama gari langu lilikuwa linang'aa. Nililizunguka mara mbili. Machozi yalinilengalenga, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilifika kulichukua. Fundi alikuwa amesharudisha taa, vioo na vitasa, vyote kutoka kwenye kiroba nilichomwachia jioni. Nikatoa karatasi yangu, nikapiga magoti, nikaanza kuchungulia kidoa kimoja kimoja. Naye alikuwa amesimama juu yangu ananieleza jambo. Alisema rangi bado changa, juu imekauka lakini ndani haijakauka. Alisema wiki nzima nisilioshe kwa sabuni, nisilifunike, na kubwa zaidi, nisibandike kitu chochote juu yake, maana gundi itaondoka na rangi. Akarudia hilo la gundi mara mbili. Mimi nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo, nikiwa nimeinama chini ya taa ya kushoto natafuta kidoa cha tisa. Nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani. Vidoa vyote kumi na nne nilivikuta, nikaondoka.

Mpambaji alikuja nyumbani saa saba mchana na masanduku ya maua na mafundo ya utepe wa dhahabu. Nilisimama barazani nimevaa suti, najisikia bwana. Majirani walikuwa wanalisifu gari. Mdogo wangu mwenyewe alilizunguka, akakuna kidevu, akasema kumbe linaweza. Mpambaji akakata vipande virefu vya selotepu kwa meno, akabandika utepe kutoka ncha moja ya boneti hadi nyingine, akakandamiza kwa kidole gumba. Kila alipokandamiza nilihisi kuna kitu natakiwa kukikumbuka. Kikawa hakiji. Halafu mke wangu akaniita nikamwangalie binti alivyopendeza, na kile kitu kikapotea kabisa.

Tuliondoka saa kumi. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma yetu magari ya ndugu yakipiga honi. Mimi ndiye dereva, nilikataa katakata mtu mwingine kushika usukani. Binti alikaa nyuma na mpambe wake, gauni limejaza kiti kizima. Sikumtazama sana kwenye kioo. Niliogopa kuona ile sura ya siku ya sinia.

Tulipokamata barabara ya Pugu na upepo kuongezeka, ndipo nikaiona. Kona ya selotepu, upande wa kulia wa boneti, imeinuka. Ilikuwa inapigapiga. Chini yake kulikuwa na kitu kama ganda la damu ya mzee, kimeinuka pamoja nayo, na mahali kilipotoka palikuwa na rangi ya kijivu. Sauti ya fundi ikanirudia neno kwa neno, kwa upole wake uleule. Nikapunguza mwendo, madereva wa nyuma wakapiga honi zaidi wakidhani ni shangwe. Nikapunguza tena, matarumbeta yakatuacha, ikabidi nikanyage mafuta kuyafikia, na nilipokanyaga kipande kikaongezeka. Urefu wa kidole. Urefu wa kiganja. Sikuweza kusimama, maana msafara wa bibi harusi kusimama katikati ya barabara hautakosa wa kuuliza. Nikaendesha hivyo hadi ukumbini, nimeshika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikauma, nikipanga maneno. Yalikuwa maneno ya kumwambia mpambaji, na mdogo wangu aliyemleta mpambaji, na mengine ya kumwambia fundi, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nilipofunga breki mbele ya mlango wa ukumbi, utepe wote ukaachia. Uliteleza hadi chini na ukanda mrefu wa rangi ukiwa umeng'ang'ania nyuma yake. Boneti ikabaki na mstari wa kijivu upana wa mkono, kutoka taa hadi taa. Wakwe walikuwa wamejipanga pande mbili. Kamera ya video ilikuwa imeshawashwa, taa yake inatupiga usoni. Nikashika kitasa cha mlango nitoke.

Mkono ukanigusa begani kutoka nyuma. Binti yangu alikuwa amejisogeza mbele, gauni na yote.

“Baba, shingo yako ikikaza hivi naijua,” akasema polepole, mpambe tu ndiye aliyesikia. “Mie sijawahi kuona haya na hili gari. Naogopaga ukianza kugombana na watu. Wiki nzima nimelala na hofu hiyo. Nakuomba leo usigombane na mtu yeyote.”

Ninachokumbuka ni kwamba nilitazama mbele na sikuona boneti wala wakwe. Niliona sinia la soda, nikaelewa nilikuwa nimelisoma vibaya. Mtoto niliyemlea miaka yote hiyo alikuwa amekwenda kwenye siku yake kubwa akimwogopa baba yake, na si watu wengine. Iliniuma, iliniuma sana, na hapakuwa na wa kumlaumu ndani ya gari lile zaidi ya aliyeshika usukani.

Nilitoka. Mdogo wangu alikuwa ameshafika mbele ya gari, kalamu zake mfukoni, uso umemshuka kwa aibu. Mpambaji alikuwa nyuma yake, ameshika mdomo. Watu walitusogelea. Mdogo wangu akaanza kusema kwamba mafundi wa Vingunguti ni matapeli, kwamba yeye alishasema, kwamba ni nani amefanya mambo haya.

“Ni mimi,” nikasema. “Fundi alinieleza vizuri, mara mbili. Sikumsikiliza.”

Alisubiri niendelee. Mpambaji naye alisubiri, na mke wangu aliyekuwa anashuka kwenye gari la nyuma alisimama na mguu mmoja chini, akisubiri. Nikauokota ule utepe, nikaukunja, nikampa mpambaji na kumwambia pole. Kisha nikazunguka nikafungua mlango wa nyuma. Binti yangu alikuwa bado ameinama mbele pale nilipomwacha, ananitazama, na mabega yake yakashuka taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Akanipa mkono nimsaidie kushuka.