Mikono ya Mama Ndani ya Kinanda

Jumatano, mwisho wa mazoezi, mwimbishaji mkuu wa kanisa letu alikata wimbo wa wamama. Hakuzunguka. "Jumapili ya mavuno, ule wimbo wa Kifuliiru tuache. Wamama hawafuatake kinanda." Wamama wakakusanya vitenge vyao, wakatoka. Wa mbele alikuwa mama yangu mzazi, yeye ndiye anayeanzisha wimbo ule. Na mpiga kinanda ni mimi, binti yake.

Niseme ukweli: hasira yangu ya kwanza iliwaangukia wao. Miaka minne nawaambia, "Wamama, munachelewa!" Kinanda kinapiga, wao mikono yao inafika nyuma yake kidogo, kila mara. Mimi nilisoma noti, nikajiona fundi. Kiburi tu, kingine nini?

Lakini sura ya mama pale mlangoni haikunitoka. Kesho yake nikafunga kinanda nyuma ya pikipiki, nikakileta nyumbani. Kinanda kile kina rithimu nyingi, midundo iliyotengenezwa tayari, na maisha yangu yote nilikuwa nachagua tu, nabonyeza, basi. Kumbe kina pia sehemu ya kujitengenezea yako: unaweka ngoma, inazunguka, juu yake besi, inazunguka, juu yake makofi. Nilitaka wimbo wa mama upate rithimu yake wenyewe.

Mama alikuwa uani anageuza ndagala, wale samaki wadogo, juu ya wavu.

"Mama, kuja unipigie mikono."

"Miye? Si mulisema tunaharibishaka?"

Nilistahili jibu hilo. Nikamwomba, nikamwomba tena, mpaka akajifuta mikono kwenye kitenge. Akapiga, na mimi nikamfuata kwa kidole, kila kofi lake ninaligonga kwenye kinanda. Nikarudisha tusikilize.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni weye, mama."

"Ayi! Hapana. Huyu iko mu defile."

Nilicheka, lakini kweli, yale makofi yalitembea kama wanafunzi kwenye gwaride mbele ya wakubwa. Tukarudia. Defile. Mara ya tatu, defile! Nikakipiga kinanda kofi la kweli, nikamwambia mama labda mwimbishaji alisema kweli. Hapo ndipo aliponikatiza.

"Acha kuangalia mikono. Angalia muguu."

Akaanza kucheza palepale kwenye vumbi. Kwao ni Lubarika, na wimbo ule walijifunzia kwenye mpunga, wakiukanyaga kutoa mbegu. Mguu unashuka. Mwili unaufuata, unakaa. Mkono ndio wa mwisho, unangoja mwili ukae kwanza. Nilitazama mara tano, sita, ndipo nikaona. Hawakuwa wanachelewa! Hata siku moja! Lile pengo dogo kati ya mguu na mkono ndilo wimbo wenyewe.

Sasa kwa nini kinanda kinalipoteza? Nikafungua mipangilio, na nusura nijipige kichwa. Kuna msaada fulani wa kunyoosha: ukigonga kidogo nje ya mstari, mashine inalivuta pigo lako mpaka kwenye mstari. Ni mimi niliyeuwasha, zamani, nikasahau. Kila kofi la mama lilikuwa linanyooshwa kama shati! Nikauzima haraka haraka.

"Mama, piga weye mwenyewe. Hapa, ufunguo huu."

"Vidole viko na ndagala."

"Piga tu!"

Akapiga. Nikaweka ngoma nzito pale mguu unaposhuka, besi nikaitoa mahali pake pa kawaida nikaiweka chini ya ile ngoma, chodi, zile noti zinazopigwa pamoja, nikaziacha fupi fupi ili zisifunike pengo. Nikabonyeza. Mungu wangu! Nilipiga kelele mpaka jirani aliyekuwa anapita na beseni kichwani akasimama. Kisha mabega yake yakaanza kucheza, beseni halikutikisika hata kidogo. Mama aliinamisha sikio kwenye spika, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Sasa iko inakanyaga," akasema.

Jumamosi nikamwita mwimbishaji asikilize. Alikunja mikono kifuani muda wote. "Sawa," akasema, "mara moja. Wakiteleza, ninakata mbele ya watu."

Jumapili kanisa lilijaa, watu wa bondeni wameleta mihogo, mpunga, ndizi, vyote mbele ya madhabahu. Nikabonyeza. Mama akaanzisha, wamama wakaingia, na hakuna aliyeteleza. Hakuna! Kwenye ubeti wa pili wazee wa Kifuliiru walikuwa wameshasimama. Wa tatu, vijana wa kwaya yetu, wale waliokuwa wanawacheka mazoezini, wanatazama miguu ya wamama na kupiga mikono nyuma yake, wanakosea, wanapata. Hata mwimbishaji alikuwa ameikunjua ile mikono.

Ndipo mama akanigeukia, akashusha kiganja chake chini: zima.

Niliogopa. Siku tatu za kazi yangu! Nikazima. Mguu wa kanisa zima ukashuka, mikono ikangoja, ikapiga. Kinanda kilikuwa kimya na wimbo haukuanguka. Nililia, sikuficha. Nikaacha kiti changu, nikaenda kusimama nyuma ya mama, nikaanza kujifunza.