Bote Balitaka Mugongo Ilie

Siku yangu ya kwanza ya kazi kwa Dokta ya Mugongo, nilitoroka. Nasema kweli, bajukuu bangu. Nilitupa taulo chini, nikapita mulango na kiatu moja tu ku muguu, nikakimbia mpaka ku bandari nikipiga kelele: "Mayo! Mukuje! Dokta ameua Kapita!"

Sababu nilisikia shingo ya mutu inalia kwaa!, sawa kuni kavu inavunjika. Na ile shingo ilikuwa ya Kapita, shefu ya babeba-magunia, mutu munene sawa ng'ombe dume, mutu nilimuogopa tangu nikiwa musichana. Alikuwa amelala ku kitanda ya Dokta, akageuzwa uso juu, na Dokta amemushika kichwa na mikono mbili sawa mwanamuke anashika kuku ya kuchinja. Akageuza kidogo tu. Kwaa! Nyie mungefanya nini?

Banaume ba bandari balikuja na makasia, bamama na bisu bya samaki. Tulipofika mulango, Kapita mwenyewe akatoka, kifua wazi, anageuza kichwa kushoto, anageuza kuume, anacheka.

"Bana-Chanda! Unakimbia nini? Kichwa yangu ilikuwa inaangalia Kongo tu. Leo naweza kuona na Zambia!"

Batu balicheka mpaka makasia ikaanguka. Dokta hakucheka. Aliniambia: "Mama Chanda, okota taulo. Ukikimbia tena, usirudi." Niliokota.

Kabla ya ile kazi nilikuwa mubeba-beseni hapa hapa Nchelenge, ziwa upande wa Zambia. Shule nilionja tu, nikatoka. Kiswahili nilipata kwa mama yangu, mutu ya Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kwa bacommerçant ba Kongo banaokuja kununua samaki. Boti ikifika na chisense, tule tusamaki tudogo twa kuanika ku muchanga, siye bamama tunaingia mu maji na beseni. Banaume banapakia magunia ya kavu mu lori. Kapita anasimama katikati na domo yake. Asubuhi alinipokea ku ile kazi, salamu sikusikia. Nilisikia: "Magoti! We musichana, magoti! Unainama sawa mutu anatafuta sindano! Kunja magoti, kumbatia muzigo, simama na miguu!"

Hakueleza kwa nini. Alipiga kelele tu mpaka mwili ukajua. Maelezo nilikuja kuyapata kwa Dokta: mutu akiinamisha mugongo, na muzigo iko mbali na tumbo, uzito yote inaangukia kiuno. Akikunja magoti na kuvuta muzigo karibu, mapaja ndiyo inabeba, na mapaja Mungu aliyaumba manene kwa ile sababu. Mugongo yangu ni muzima mpaka leo sababu ya domo ya Kapita. Mukumbuke hilo neno, tutalirudia.

Dokta alikuwa mutu ya Lubumbashi. Alisomea inchi za mbali kazi moja inaitwa kiropraktiki, kazi ya kunyoosha mugongo na mikono tupu, bila sindano, bila kisu. Kila mwisho wa mwezi alivuka ziwa toka Kilwa na kitanda yake ya kukunja mu boti, akapanga chumba nyuma ya kanisa. Alinichukua sababu nilibeba ile kitanda toka mu boti peke yangu, na aliona namna nilikunja magoti.

"Nani alikufundisha?"

"Kapita."

"Alors, nipeleke kwa huyo Kapita."

Ndiyo namna Kapita alikuwa mugonjwa ya kwanza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha mataulo, kushikilia bazee bakipanda kitanda, na kutafsiri, Kiswahili kwenda Kibemba, Kibemba kurudi Kiswahili.

Nilishangaa kila siku mu kile chumba. Mimi nilifikiri mugongo ni fimbo moja. Kumbe! Dokta alinionyesha na kidole ku mugongo ya batu: mifupa midogo, moja juu ya ingine, sawa bikombe byenye kupangwa. Kati ya mufupa na mufupa kuna kitu laini, sawa kamuto kadogo ka kulalia kichwa, bao banaita disiki. Na ndani kabisa inapita kamba ya mishipa inayopeleka habari toka kichwa mpaka bidole bya miguu. Nikauliza: na ile kwaa?

"Hewa tu, Mama. Maungio ikifunguka, hewa inalia, sawa chupa ya soda. Ile si dawa."

Nilitafsiri hilo neno na kinywa na mikono. Hakuna mutu alilishika. Batu balikuja kutafuta sauti! Mama moja toka Kafutuma alisukumwa polepole, akaamuka anasikia nafuu, lakini akakasirika: "Yangu haikulia! Ya mwenzangu ililia, nilisikia pale mulango. Rudia!" Bengine balikaa inje chini ya dirisha banasikiliza, mugongo ikilia banapiga makofi.

Kile Dokta alitaka, kulala usingizi ya ubavu na nguo yenye kukunjwa kati ya magoti, kutembea asubuhi, kubadilisha bega ya kubebea, kurudi kila mwezi hata kama hakuna kinachouma, kile habakukitaka. Kurudi bila maumivu? Bakacheka. Kapita akasema: "Dokta, nani anapeleka boti kwa fundi kama haivuji?"

"Nyie bote," Dokta akajibu. "Kila mwaka serikali ikifunga ziwa, samaki izae, munapindua boti inje, munaziba mashimo kabla ya kurudi mu maji. Boti munaitunza. Mugongo munangoja ipasuke."

Nilitafsiri na hiyo. Bakacheka tena.

Bwana yangu, Shi-Chanda, ni kusema baba ya Chanda, sawa mimi banavyoniita Bana-Chanda, mama yake, alikuwa mubeba-magunia wa Kapita. Mwembamba, lakini gunia ikikaa ku bega yake haishuki mpaka lori. Mwezi moja alilala ku kitanda ya Dokta, akasema muguu ya kushoto inawaka moto toka tako mpaka kisigino. Dokta alimugonga magoti na kanyundo, akamunyanyua muguu. Hakumunyoosha. "Magunia aache kwanza. Na mutu yeyote asimupinde, asimutikise. Mwezi ujao nimuone tena."

Basi! Magunia aliacha, lakini ku bandari alienda kila siku, na pale ikawa muchezo. "Shi-Chanda, mugongo yako ni bubu!" "Dokta aliigusa, ikakataa kusalimia!" Anarudi nyumbani uso chini, sawa mutu bamemunyima chakula ku arusi.

Na ule mwezi Kapita alipata akili mupya. Asubuhi, kabla ya lori, alipanga banaume bote mustari. Anamushika mutu kwa nyuma, anamufunga mikono ku kifua, anamunyanyua juu, anamutikisa sawa gunia ya muhogo. Ko-ko-ko! Mugongo inalia, batu banashangilia. "Kungoja mwisho wa mwezi ya nini? Dokta ya bure iko hapa kila siku!" Siye bamama tulifurahi na siye. Bure ni bure.

Asubuhi moja niko mu maji na beseni, nikasikia: "Shi-Chanda! Leo bubu atasema!" Nikasikia kicheko. Nikasikia ko! moja. Halafu kicheko ikakatika yote mara moja, sawa mutu amezima radio.

Nilitoka mu maji. Bwana yangu alikuwa amekaa katikati ya chisense yenye kuanikwa, tusamaki tumemushika ku nguo. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Bana-Chanda," akasema, "miguu yangu iko wapi?"

Alikuwa anaiangalia! Nikamufinya paja. Hasikii kitu. Nikafinya na makucha mpaka ngozi ikabadilika. Hakuna kitu. Akaniita karibu ku sikio, sababu ya haya: "Nataka kukojoa. Haitoki."

Ilikuwa siku ya Dokta, boti yake ilikuwa inafunga kamba. Kapita alimunyanyua Shi-Chanda, akamukimbiza sawa mutoto, akamulaza ku muchanga mbele ya Dokta. Jasho inamutiririka. "Dokta, haraka! Liza hii mugongo irudi pahali pake!"

Dokta akapiga magoti. Akagusa bidole bya miguu, akagusa ndani ya mapaja. "Unasikia hapa? Na hapa? Umekojoa tangu alfajiri?" Kisha akasimama, akaweka mikono yake nyuma.

"Mimi simunyooshi."

Nilifikiri nimesikia mubaya. Bandari yote ilifikiri vile. Kapita akanguruma: "Wewe ni dokta ya mugongo ama dokta ya tumbo? Ku shingo yangu ulikuwa mwanaume!" Batu bakaanza kumutukana na lugha zote za ziwa. Na mimi nilipiga magoti, nikamushika suruali: "Dokta, nakuomba. Kwaa moja tu. Moja!"

Akainama mpaka uso yake ikawa karibu na yangu. "Mama Chanda, simama, ubatafsirie neno kwa neno. Kamuto kametoka pahali pake, kanakaba kamba ya mishipa. Nikimusukuma leo, hii miguu haitarudi. Hii ni kazi ya kisu, na ni ya leo, si ya kesho. Leteni mulango."

Nilifanya kazi nyingi mu maisha. Nilibeba beseni na mimba, nilibeba wazazi kwenda kaburini. Kazi nzito kupita zote ni kusimama pale ku muchanga, kutafsiri na kinywa yangu mwenyewe namna bwana yangu anaweza kukosa miguu. Lakini nilitafsiri. Nilipomaliza, hakuna mutu alitukana tena.

Bakang'oa mulango ya chumba nyuma ya kanisa, bakamulaza juu yake. Lori ilimwaga magunia yote palepale. Njia yote mpaka Mansa, ku lopitali kubwa, Kapita alipiga magoti nyuma ya lori, amekumbatia ule mulango usiruke ku mashimo. Tulipita Mwansabombwe, batu banauliza kuna maiti gani. Ule mutu mwenye domo akazidi kukumbatia mulango.

Ku lopitali munganga mukubwa aliuliza: "Kuna mutu alimutikisa?"

"Mimi," Kapita akasema. Basi, hiyo tu.

Bakamupasua siku ileile. Munganga alituambia, mungelala Nchelenge usiku ule, mungeleta mutu ya kubebwa maisha yote. Nilikaa ku sakafu ya lopitali. Nilikuwa naona mustari ya banaume, na siye bamama tunapiga makofi.

Muguu ya kuume ilirudi kwanza. Ya kushoto ilirudi nusu: anatembea na fimbo, unyayo inaburuta, ukipita muchanga ya kwetu utaona mustari. Gunia hakugusa tena.

Kapita hakuja kusema pole. Lakini asubuhi moja nilisikia bamama ba ku bomba banacheka sana inje. Nikafungua mulango. Kapita! Mutu mukubwa ya bandari, beseni ya maji ku kichwa sawa bibi harusi, maji inamwagikia mabega, anakuja kwangu. Hapa kwetu, mwanaume kubeba maji ku kichwa? Ningeona samaki inatembea barabarani ningeshangaa kidogo tu. Akafika, akaanza kuishusha, mugongo imepinda sawa ndoano. Kabla sijawaza, kinywa yangu ikapiga kelele:

"Magoti, Kapita! Magoti!"

Alikunja magoti. Akaweka beseni chini polepole, akabaki pale amechuchumaa, uso maji tupu. Sikuuliza ni maji ya beseni ama ni ya macho. Alileta maji mpaka Shi-Chanda alisimama, na mustari ya kutikisana ilikwisha siku zote. Mu pahali pake, kabla ya lori, Dokta na mimi tulifundisha babeba-magunia namna ya kunyanyua, na Kapita alikuwa anapiga kelele kupita siye bote.

Nilifanya ile kazi mpaka Dokta alizeeka, akaacha kuvuka. Mimi na mimi nilipumuzika, na si sababu ya mugongo! Mugongo yangu imenyooka, mukuje muione. Ni magoti yamekataa. Miaka yote nilihubiri magoti, magoti, nayo yakachoka kuitwa.

Nilifikiri mambo ya sauti ilikwisha. Juzi mujukuu yangu ya kwanza, mwanaume mwenye ndevu, dereva ya lori, kijana hakuna kama yeye mpaka Chienge, aliingia anacheka: "Nkambo! Kinyozi amenilizia shingo, kwaa, kwaa, pande mbili! Bure!" Akataka kutuonyesha namna, akajishika kidevu na mukono. Ndiyo sababu ninaandika haya, na maandishi yangu mabaya. Mugongo ikikuuma, utafute mutu aliyeisomea, na urudi kwake kabla ya kuuma. Muguu ikilala ganzi, mukojo ikikataa, usimuachie mutu akutikise, ukimbie lopitali siku ile. Kinyozi akate nywele.

Siku ile nilikuwa nafungua kinywa nimutukane yule kijana, Shi-Chanda akaninyamazisha na mukono. Alikuwa ku kiti, anakunywa chai. Akavua kiatu ya kushoto, akasukuma unyayo mbele.

"Kuja. Finya."

Kijana akafinya kidogo, anacheka.

"Finya sawa mwanaume. Na makucha."

Akafinya. Akafinya tena, na nguvu yote, mpaka ngozi ikawa nyeupe, kisha nyekundu. Kicheko ikamutoka polepole. Akainua macho, akamuangalia babu yake.

Shi-Chanda alikuwa anaendelea kunywa chai. Kikombe haikutikisika.