Harage Jekundu

Mimi nikiudhika hufundisha. Serikali ilinileta Kigoma kufundisha hesabu, nikaolewa hapahapa, na siku niliyomfundisha mama mkwe wangu uwezekano nilikuwa nimeudhika haswa.

Nilikuwa na mimba ya pili. Mtoto wetu wa kwanza, binti, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake tumebeba vinasaba vya ugonjwa huo bila kuumwa, na hatukujua mpaka mtoto alipoanza kulia, mikono imemvimba. Daktari akatueleza kwamba kwa watu kama sisi, kila mimba ina uwezekano wa moja ya nne kuleta mtoto mgonjwa. Sehemu hiyohiyo, robo, nilikuwa naiandika ubaoni kila mwaka, wala haijawahi kunitisha.

Siku hiyo tulikuwa kwa mama mkwe, mtaa wa Buzebazeba, tunachagua maharage ya mchana. Binti yangu, aliyekuwa ametoka hospitali juzi tu, alikaa kati yetu.

"Mwanangu, usijitese," mama mkwe akaniambia. "Si walisema mmoja katika wanne? Huyo mmoja tumeshampata. Waliobaki wote wazima."

Jamani! Laiti ingekuwa hivyo. Nikachukua maharage manne kwenye ungo, matatu ya njano na moja jekundu, nikayatia kwenye kikombe cha bati.

"Haya, mama. Haya ndiyo matokeo yote yanayowezekana. Jekundu likitoka, ndilo tukio letu. Toa moja bila kuangalia."

Akatoa la njano. Nikalirudisha kikombeni. Akatoa tena, likaja jekundu.

"Lirudishe," nikamwambia.

"Nirudishe kwa nini?"

"Kwa sababu kila mimba inaanza na kikombe kizima. Haya ni matukio huru, mama. Lililopita halipunguzi wala haliongezi kitu kwa linalokuja."

"Weee! Tangu lini mtu akachagua maharage, baya akalirudisha kwenye mazuri?" Akalitupa uani.

Mkono wake umechagua maharage tangu utotoni, na kinachotolewa hutupwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, na ningemjibu vibaya, lakini binti yangu akaniwahi.

"Bibi, mimi ndilo baya?"

Mama mkwe akasema maneno kwa Kiha ambayo sikuyaelewa, akanyanyuka, akaenda kuinama uani huku akifukuza kuku. Alirudi na lile harage, akalifuta kwa kanga, akalitia kikombeni. Kisha akampakata mjukuu wake, na maharage ya mchana nikamalizia kuyachagua peke yangu.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, na hospitalini wakamtoa damu ya kupima. Ile wiki ya kungoja majibu sitaki kuikumbuka. Darasani nawaambia wanafunzi kwamba tukio likiwa na uwezekano wa robo, kutotokea kwake kuna robo tatu, na robo tatu ni nyingi. Ni nyingi kweli, ila usiku mimi niliiona robo peke yake.

"Hana selimundu, mama," nesi akaniambia. "Amebeba tu, kama ninyi wazazi wake."

Nikakaa chini palepale varandani na mtoto mikononi, nikacheka, nikalia, wapita njia wakanishangaa na sikujali hata kidogo. Afueni niliyoisikia siku ile, sijui niifananishe na nini.

Nyumbani mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. "Si nilikuambia?" akasema. Siku hiyo angeniambia hata mbili na mbili ni tano, ningemkubalia.

Binti yangu alikuwa amemwinamia mdogo wake, anamshika vidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo yeye hataumwa mifupa?"

"Hataumwa, mwanangu."

Akashusha pumzi kama mtu mzima aliyetua mzigo.

"Afadhali," akasema. "Maana inauma sana."