Mazishi ya Opio Mpiga Upinde

Niliondoka Kakamega kwa sababu ya mke wangu. Nekesa ni mtu mpole, lakini sebule yetu ilikuwa imejaa maboksi ya kitabu nilichokiandika na kukichapisha mwenyewe. Ni kitabu cha mchezo wa mezani: watu wanakaa pamoja, kila mmoja anajifanya mtu mwingine, msimulizi anawapitisha safarini, na dadu inaamua nani kafaulu na nani kaumia. Kila jioni nilimhubiria kwamba huko ndiko soko la vitabu linakoelekea. Yeye dadu yenyewe hajawahi kuigusa. Akanijibu kwamba muuza njugu wa stendi anatafuta karatasi za kufungia, na nikipeleka vitabu vyangu Tororo, ng'ambo ya mpaka, wakavikataa, vyote vitakwenda kwa njugu. Nilijua hatanii, maana alikuwa ameshampelekea boksi moja la kuanzia.

Busia, asubuhi. Nilikuwa nimepakia maboksi kwenye pikapu ya Wandera, anayepeleka magodoro Tororo. Ofisa wa forodha akafungua boksi moja, akatoa dadu ya pande ishirini, akaigeuzageuza kama anayekagua yai. Akauliza ni kitabu au ni kamari. Nikamweleza habari za mashujaa, mto na nyoka mkubwa anayeulinda, nikanogewa, hata sauti ikapanda. Foleni ikaanza kunung'unika. Ofisa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: hao mashujaa wakivuka huo mto, wanagongewa wapi mihuri? Nikalifunika boksi. Akanitazama kwa huruma, akaniruhusu nipite.

Tulipopita mashamba ya Dabani, Wandera alinishauri nirudi nibebe magodoro. Godoro, alisema, halihitaji kuelezwa. Nilinuna mpaka Tororo.

Tororo, mchana. Mwenyeji wangu, Mama Athieno, ana duka la madaftari karibu na soko. Alinipa chai, akaniambia wazi kwamba vijana wana michezo kwenye simu, na yeye hauzi kitu asichokionja. Basi akawaita wenzake wawili wa kikundi chao cha mazishi, kile chenye hema, viti na masufuria ya matangani: Mzee Okoth, mpanga viti, na mama mmoja mnene, mpishi wao. Tukakaa uani kwenye meza ya kikundi. Mzee Okoth akachagua kuwa mpiga upinde, akamwita Opio.

Chai haijapoa, Opio akaumwa na nyoka wa mtoni. Dadu ikaangukia moja. Nikatangaza kwamba amekufa, na kama kitabu changu kinavyoelekeza, wenzake wachukue mishale yake waendelee na safari.

Hakuna aliyeshika dadu. Mama Athieno akaweka kikombe chini.

"Nyinyi huko Kenya munaacha mutu hapo kwa majani," akasema polepole, "munachukua vitu yake, munaenda?"

Nikasema ni mchezo tu. Mzee Okoth, macho mekundu, akasema anajua ni mchezo. Anachouliza ni kwao wapi, ili marehemu apelekwe nyumbani.

Nilipekua kitabu chote. Kulikuwa na sura nzima ya kuua, na nyingine ya sumu. Kwao Opio hakukuwamo. Mpishi naye akauliza kama Odongo ameambiwa, kwa sababu Opio ni jina la pacha wa kwanza, Odongo la wa pili, na haiwezekani pacha asijue. Jamani, nikalazimika kumzaa Odongo palepale. Mzee Okoth akaingia kwa nafsi ya Odongo, akalia kilio kilichowatoa majirani nyumbani kwao.

Hapo mambo yakanitoka mkononi. Hema likasimamishwa. Maharage yakatiwa jikoni, posho, yaani ugali wao, ikafuata. Waliokuja kuuliza nani kafa waliambiwa ni Opio, kaumwa na nyoka, na bibi mmoja akasikitika kwamba alikuwa kijana mwenye adabu. Wakaketi, wakapokezana dadu, wakaanza kumbeba marehemu kumrudisha kwao, ambako baada ya mabishano makali kulikubaliwa kuwa ng'ambo ya mto. Nikamkumbuka yule ofisa, nikaweka mtoni walinzi wanaodai karatasi za maiti. Wote wakaitikia kwa vichwa. Kubembeleza walinzi kulichukua muda mrefu kuliko vita vyote nilivyowahi kuvisimulia, na hakuna aliyeinuka kwenda zake.

Jua likielekea kuzama tulimzika. Odongo alipomuaga nduguye, nililia, na wala sioni aibu kusema.

Mama Athieno akayachukua maboksi yote.

"Lakini kitabu ingine uweke matanga," akaniambia. "Mchezo haina matanga, hapa nitauzia nani?"

Busia tena, kesho yake. Ofisa ni yuleyule. Akauliza nilifuata nini Tororo. Nikasema nilikwenda kuzika.

"Pole sana. Nani huyo?"

"Opio, mpiga upinde."

Akavua kofia. Akauliza kama walinisumbua mtoni. Nikamwambia mwishowe waligonga muhuri, akashusha pumzi.

Kakamega, jioni. Nekesa alikuwa anafagia pale yalipokuwa maboksi. Nikamsimulia yote, nikakiri kwamba niliwapa watu silaha za kila aina nikasahau kuwapa nyumbani, na kwamba Tororo wanataka kitabu kingine. Nikangoja anitajie muuza njugu.

Aliendelea kufagia kona moja iliyokwisha kuwa safi.

"Na mjane wake?" akauliza.

Nikamwambia Opio hakuwa na mke.

"Nani kasema?"

Akaegemeza ufagio ukutani, akavuta kiti, akaninyooshea mkono nimpe dadu.