Mama Aliyepanda Jukwaani Buffalo

Cibalonza hakuwahi kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Katika soko la Kadutu, Bukavu, aliweza kusimama mbele ya robota la vitenge mpaka mwenye mali aanze kuona haya. Vita vilipommeza mume wake, alipatana na madereva, na wenye nyumba, na watu wa vizuizini, hadi akafika Louisville, Marekani, akimshika mkono bintiye Aganze. Mchana alifunga maboksi ghalani. Siku za mapumziko aliuza vitenge sebuleni kwake mtaa wa Newburg, na mteja aliyekuja kutazama tu hakutoka mikono mitupu.

Karibu na maghorofa yao palikuwa na ukumbi ambamo mama mmoja wa Kimexico, mwalimu Ofelia, alifundisha watoto wa mtaa ngoma za kwao kila Jumamosi. Cibalonza alimpeleka Aganze kwa hesabu zake: ni bure, kuna joto, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Alipoona zile sketi pana zenye utepe wa rangi saba, aliushika utepe, akaupima kwa vidole, akatikisa kichwa: Ofelia alikuwa anaibiwa. Wakaenda pamoja dukani. Cibalonza alibishana kwa mikono na uso, na waliporudi na utepe wa sketi zote, wanawake wale wawili wasio na lugha moja walikuwa marafiki.

Ngoma ile ikamwingia Aganze. Hata alipokwenda Columbus kusomea uuguzi, akapanga chumba karibu na chuo kikuu, alitafuta kikundi cha kucheza nacho. Kikundi kilizunguka mashuleni kufundisha watoto. Mwaka wa pili alirudi Newburg kumwambia mama yake kwamba ameacha uuguzi.

"Donc, umeacha masomo ya infirmière juu ya kucheza?" Cibalonza aliuliza.

"Sichezi tu, mama. Nafundisha watoto."

"Watoto ya nani? Weye uko Mumexico?"

Aganze alijibu kwa Kiingereza kwamba wavulana wa mama Patricia wanajifunza karate na hakuna anayewauliza kama ni Wajapani. Patricia, jirani yao, alikuwa ameketi hapo hapo na kitenge mapajani. Akacheka. Cibalonza hakucheka.

Jumapili, baada ya ibada, kina mama walipomzunguka kumwuliza habari za mtoto wa Columbus, alisema kwa sauti ya sokoni, "Mutu asiniulize tena habari ya Aganze. Miye sina mutoto."

Aganze alikuwa nyuma yake, ameshika kiti cha kukunja. Alikikunja, akakiegemeza ukutani, akachukua begi lake. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya mama yake wala hakumpigia, kisha akabadilisha namba.

Cibalonza alijua alichofanya. Alikuwa ametaja bei ya juu ili mwenzake ateremke kidogo, naye ateremke kidogo, wakutane. Ndivyo watu wanavyopatana. Lakini Aganze, kama mteja aliyekasirika, alikuwa ameondoka dukani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, Patricia alisikia kwamba kikundi kile kitacheza katika mji wa Buffalo, kwenye sherehe ya Walatino katika bustani. Akajitolea kuendesha gari. Walitoka Louisville usiku, wakaingia bustanini asubuhi.

"Ukifika, utamwambia nini?" Patricia aliuliza.

"Sitasema. Nilimukataa mbele ya batu. Nitamurudisha mbele ya batu."

Patricia alielewa, maana kwao Kongo hakuna mama anayekaa akiwa amekunja mikono mtoto wake akicheza. Unanyanyuka, unakwenda kwa madaha, unambandika noti kwenye paji la uso, na watu wote wanajua huyu ni wa nani. Anayebaki kitini amesema lake. Cibalonza alikuwa amefunga kitenge chake kizuri kuliko vyote, noti mpya ameikunja kiganjani.

Walikaa safu ya tatu mbele ya jukwaa. Wakatoka wasichana waliovaa nyeupe tupu, kila mmoja na glasi yenye mshumaa unaowaka juu ya kichwa. Waliteleza kana kwamba hawana miguu. Aganze alikuwa katikati, shingo imesimama, mweusi kuliko wote na mtulivu kuliko wote. Watu walinyamaza. Kwa Cibalonza ukimya ule ulikuwa aibu: mtoto anacheza hivi, na hakuna hata mmoja wa kumtunza?

"Ngoja kwanza," Patricia alinong'ona. "Hapa hawafanyaka vile."

Cibalonza alikwisha kuinuka. Alipanda ngazi za pembeni akicheza mabega, akafika mbele ya bintiye, akainua mkono kwenye paji la uso. Kiwiko kiligusa glasi.

Ilianguka, ikavunjika miguuni pao. Nta ilitapakaa kwenye sketi. Msichana mwenzake mmoja aliyumba, mshumaa wake ukazimika. Aganze alisimama na noti imenata usoni kwa jasho, kisha akaendelea, kichwa kitupu, akivuka vigae vya glasi mpaka ngoma ikaisha. Watu walipiga makofi kwa nguvu. Kiongozi wa kikundi alimshika Cibalonza mkono, akamwambia asijali, glasi ni glasi, na msichana huyu ndiye wamemteua kufundisha watoto wa Buffalo mchana huo.

Aganze alimkuta mama yake nyuma ya jukwaa.

"Nilikuona," alisema. Alisema kwa Kiswahili, polepole. "Tangu tuko nyuma ya pazia nilikuona umekaa. Nikasema, mama amekuja, amekaa, ananiangalia. Nilikuwa nakuchezea weye. Nikimaliza ningekuja."

"Nilikuja kukutunza, mwanangu. Mbele ya batu."

"Ungekaa tu, mama."

"Bon. Turudi nyumbani, tuongee."

"Hapana."

"Basi tukule pamoja hapa. Patricia analeta chakula."

"Wananingoja."

"Nipe basi namba mupya. Nitakupigia Jumapili."

Aganze alitazama chini. "Usinipigie kwanza."

"Siku gani?"

Hakutaja siku. Alimbusu shavuni, haraka, kama mtu anayemuaga mgeni, akaenda kupanda gari la wenzake.

Njia ya kurudi Louisville inapita Columbus. Jua lilikuwa bado juu walipoyaona majengo, na Patricia akapunguza mwendo, akawasha taa ya kutoka barabara kuu.

"Tumungojee kwake," alisema. "Ni mutoto wako. Atafungua."

Cibalonza alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Amesema nisipige simu. Kupiga hodi si ni sawa na kupiga simu?"

"Mama Aganze."

"Endesha, Patricia."

Patricia akazima taa ile, wakapita.