Tokeni za Maziwa na Kura ya Jirani Yangu

Majina ya wanawake wote wa kikundi chetu cha maziwa ninayo kichwani, pamoja na ya ng'ombe wao. Hapa sitayataja, maana watanisuta mkutanoni.

Tulikuwa tumenunua tangi ya kupoza maziwa. Mjukuu wangu, msichana anayesomea kompyuta chuoni Chepkoilel, akaja kututengenezea blokcheni. Akatueleza kwamba ni daftari ambalo kila mtu ana nakala yake ndani ya simu, na kitu kikishaandikwa hakifutiki. Lita moja ya maziwa, tokeni moja. Tokeni unabadilisha na chakula cha ng'ombe, au unamtumia mwenzako. Na kura zitapigwa kwa tokeni: mwenye nyingi ana sauti kubwa.

"Mimi tokeni najua ni za stima," nikamwambia.

"Shosho, hizi zikiisha taa haizimi."

Kura ya kwanza ilikuwa ya kuamua tangi ikae wapi. Mama mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote alitaka ikae kwake, ng'ambo ya mto. Jirani yangu, mjane mwenye ng'ombe mmoja na goti bovu, akaanza kulikanda goti lake. Kilima cha kwenda huko hangekiweza na mtungi mgongoni. Na ng'ombe wake alikuwa amekauka, anangoja kuzaa. Hana maziwa, hana tokeni, hana kura.

"Basi nitamuuza," aliniambia tukirudi nyumbani. "Maziwa yake nitapeleka wapi?"

Sasa, kwetu hapa ng'ombe wa mwenzako akikauka, unampelekea maziwa ya chai. Hatuachi mtu anywe strungi, chai isiyo na maziwa. Wiki hiyo kila mmoja akajisemea kivyake: siku hizi maziwa ni tokeni, wacha nimtumie tokeni. Zetu zilizobaki zikaishia kwa chakula cha ng'ombe. Hata yule mama wa ng'ombe wengi alimtumia, na yeye akipeana hupeana kweli.

Siku ya kura mjukuu akaangalia simu, akakunja uso, kisha akaangua kicheko. "Huyu mama ndiye ana tokeni nyingi kuliko nyinyi nyote mkiwekwa pamoja!"

"Mimi?" jirani akashtuka. "Kumbe simu haikuwa inalilia chaji!"

"Futa hizo!" akapiga kelele mama wa ng'ombe wengi, huku ameshika mbavu kwa kucheka.

"Hazifutiki, mama. Niliwaambia."

"Haya, mheshimiwa, tangi tuweke wapi?" yule mama akamuuliza jirani.

Jirani akasimama, akajifunga leso vizuri. "Kwa geti ya kanisa. Ni katikati, na kuna benchi."

Mjukuu akasema ameiona kasoro ya sheria yake: tokeni zibaki za biashara na za kupeana, lakini kura iwe ya mtu, hata kama ng'ombe wake amekauka. Lakini ili sheria ibadilike, ilibidi jirani apige kura tena, maana tokeni zake peke yake zilizidi zetu zote.

"Niwaachie serikali mapema hivi?" akatuuliza. Akabonyeza. Tukampigia vigelegele.

Ng'ombe akazaa ndama jike. Asubuhi ya kwanza ya kuleta maziwa tulimkuta jirani ameketi kwa ile benchi ya kanisa, mtungi katikati ya miguu, akituuliza mbona tumechelewa.