Watu wa Stoo ya Zamani

Siku ya kwanza mashine ilisema yupo mtu mmoja. Nilikuwa nakunywa chai karakanani, kwenye hospitali yetu jirani na Bugene, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Stoo ya zamani: mtu mmoja. Kiyoyozi kimewashwa." Stoo hiyo ilikuwa imefungwa tangu mtunza dawa wetu alipofia humo, akiwa ameketi kitini.

Mimi ndiye fundi umeme. Mashine ile niliifunga mwenyewe ili tuache kupoteza umeme: kila chumba kina kifaa kinachopima hewa, na kutokana na pumzi hukisia watu wangapi wamo, kisha huwasha na kuzima vitu bila kuambiwa. Ikiona kasoro hunitumia ujumbe. Nilijigamba kwa kila mtu kwamba haidanganyi.

Kesho yake ikasema wawili. Siku ya tatu, wanne. Nilipita mlangoni nikasikia kiyoyozi kikinguruma. Swichi zake zote zilikuwa humo ndani, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na sikufungua. Nasema ukweli, niliogopa. Ufunguo wa pili alikuwa nao marehemu. Nikabonyeza "puuza", nikajitia shughuli wodi nyingine.

Siku ya tano mvua ikakata umeme tangu asubuhi, tukabaki na betri. Wodi ya watoto kulikuwa na kichanga kutoka Rugera, kinapumua kwa mashine ya oksijeni. Saa nane mchana simu ikaniambia: "Stoo ya zamani: watu saba. Betri inakaribia kuisha."

Nilikimbia. Pale mlangoni nikachokoachokoa kitasa kwa ufunguo, tundu nisilione. Mama mfanya usafi, mjane wa yule mtunza dawa, akatokea nyuma yangu na ndoo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unahangaika nini mlangoni kwa mzee wangu?"

"Mama, humo kuna watu."

"Humo kuna ndizi zangu," akasema, akatoa ufunguo wa mumewe, akafungua.

Hewa nzito, tamu, ilinipiga usoni kama mtu amenipumulia. Mikungu ilijaa hadi ukutani, imefunikwa majani ya mgomba na blanketi la marehemu. Zilikuwa ndizi za rubisi, pombe ya ndizi, ya kumalizia matanga yake. Mvua ilijaza maji shimo la kuivishia kule nyumbani, mama akakumbuka chumba kikavu ambacho hakuna anayethubutu kukiingia. Ndizi zikiiva hupumua, na mashine ilikuwa imehesabu pumzi zao.

Nilizima kiyoyozi, nikakimbilia wodini. Oksijeni ilikuwa bado inatoka, na mama wa kichanga hakujua lolote. Umeme ulirudi kabla ya jioni. Nikaenda kumsaidia mjane kutoa mikungu, aibu imenijaa, nikamweleza yote.

"Saba!" Alicheka hadi akashika kiuno. "Fundi mzima, unakimbizwa na ndizi!"

"Ilianza na wachache, mama."

"Siku ya kwanza ilisema wangapi?"

"Mmoja."

Kicheko kikakatika. Akakitazama kile kiti alichofia mumewe, bado kipo pembeni, kisha akaweka mkungu chini polepole.

"Siku ile ya mmoja, mwanangu," akasema, "ungekuja kuniita."